UZI: Nishati tunayochoma kwa kila shilingi tunayoipata, Zanzibar toka mashine za Saateni mpaka mtungi wa gesi

Daftari la Tanuri (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajamvi. Nna jambo linanikaa kichwani muda sasa na nataka tulizungumze kwa utulivu, mana naona kila mahala linasemwa nusu nusu.

Kuna kipimo wachumi wanakitumia, wanachukua nishati yote iliyotumika nchini kwa mwaka, kuni, mkaa, mafuta, gesi, umeme, vyote vinageuzwa megajuli (kizio kimoja cha nishati) vinajumlishwa, khalafu wanagawa kwa pato la taifa la mwaka huo huo. Jibu lake linakwambia kupata shilingi moja nchi imechoma kiasi gani. Likishuka tunaambiwa tunaendelea, likipanda tunaambiwa tunapoteza. Umoja wa Mataifa wamelitia kwenye malengo ya 2030, lengo la 7, kwamba kasi ya kushuka iwe mara 2 ya ilivyokuwa, na kule Dubai Disemba 2023 kwenye mkutano wa tabianchi nchi zikakubaliana dunia ishuke zaidi ya asilimia 4 kwa mwaka badala ya 2 za wakati ule.

Mimi nimekulia kwenye tanuri la mikate hapa Ng'ambo. Tanuri la baba, na toka nikiwa skuli kazi yangu ilikuwa daftari: kuni zilizoingia, unga uliotoka, boflo zilizouzwa. Nyie mliokaa karibu na tanuri mnajua, tanuri lazima lipate moto kwanza hata kama unaoka mikate mia 2 tu. Kuni za kulipasha ni zile zile ukioka mia 2 au mia 6. Kwahiyo siku biashara mbovu daftari linaonesha kuni nyingi kwa kila shilingi, na siku ya mkesha wa Idi linaonesha kuni chache kabisa, na tanuri ni moja, muokaji ni mmoja, hakuna aliyekuwa fundi zaidi usiku mmoja. Hapo ndo nilipoanza kuikamata hii hesabu, mana nchi nayo ina matanuri yake.

Tuanze na 1980. Kabla ya hapo umeme wa Unguja ulitoka mashine za dizeli Saateni. Lita moja ya dizeli ina kama megajuli 36 ndani yake, mashine nzuri inakupa yuniti (kilowati-saa) 3 na kitu, yaani megajuli 12 hivi, thuluthi moja tu, zilizobaki zinatoka na moshi na joto. Mwaka 1980 ukaja waya wa baharini toka Ras Kiromoni Bara mpaka Ras Fumba Unguja, megawati 45, na wakati ule umeme wa Bara sehemu kubwa ulikuwa wa maji, Kidatu huko. Sasa kwenye vitabu vya nishati yuniti ya umeme wa maji inaandikwa kama ilivyo, megajuli 3.6, wakati yuniti ya dizeli inaandikwa dizeli yote iliyochomwa, kama megajuli 11. Kwahiyo taa ile ile ya Mkunazini, feni lile lile, nishati yake kwenye kitabu inashuka mpaka thuluthi kwa kubadilisha waya tu! Hayo ni maendeleo ya kweli mana dizeli ilikuwa inanunuliwa kwa fedha za kigeni, lakini hakuna aliyebana matumizi wala aliyenunua friji bora.

Na miaka hiyo hiyo likaja jengine la kinyume. Bei ya karafuu ikaporomoka. Indonesia ndo alikuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zao za karafuu, akapanda mikarafuu yake mpaka akajitosheleza, na sisi pato letu lilikuwa limesimama juu ya zao hilo moja. Sasa niambieni, watu waliacha kupika? Waliacha kuwasha taa? Moto ni ule ule na pato limeanguka. Mtu akikaa Geneva akaangalia mstari wa kipimo hiki kwenye grafu yake atasema Wazanzibari wamekuwa wafujaji wa nishati, kumbe wamekuwa maskini tu.

Bara nako miaka ile viwanda vingi vilikuwa vinazalisha sehemu ndogo ya uwezo wake kwa kukosa vipuri na malighafi. Ni tanuri la baba lile lile, boila inakula mafuta na bidhaa hazitoki.

Naendelea chini, lakini kwanza nataka kusikia wenzangu.

Mwana Wesha

Waalaykum salaam. Umesahau Pemba yakhe, kama kawaida ya watu wa Unguja. Sisi waya wa 1980 haukutufika. Tulibaki na mashine za dizeli hapa Wesha mpaka 2010 ulipoletwa waya wetu kutoka Tanga, miaka 30 baada yenu. Kwahiyo kushuka huko unakosema, sie kulitufika 2010, na ukichanganya visiwa viwili kwenye mstari mmoja hutoiona hata moja vizuri.

Na nakuongezea la karafuu. Karafuu inaanikwa juani, majamvi yametandazwa uani, barabarani, kwenye kila penye wazi, siku 4 au 5 za jua kali na imekauka inalia mkononi. Hilo jua ni nishati kubwa mno, kukausha karafuu mbichi za kisiwa kizima kwa kuni tungemaliza msitu wa Ngezi wote. Lakini kwenye vitabu haliandikwi. Mwani nao vivyo hivyo, unaanikwa. Kwahiyo uchumi wa Pemba ukiupima kwa kipimo chako utauona mwepesi kweli, kila kitu kizito kimebebwa na jua bila malipo. Siku ya mvua ya vuli katikati ya mavuno ndo watu wanajua thamani yake, karafuu zinaota ukungu na bei inashuka. Akitokea mtu akaleta mashine za kukaushia za umeme, karafuu zitakuwa bora na mkulima atapata zaidi, na kipimo kitasema tumeharibu.

Daftari la Tanuri

Mwana Wesha nisamehe na nashukuru sana. La jua kutoandikwa nilikuwa nalijua kwa mwani wa Paje na Jambiani lakini sikuwahi kuliona kwa ukubwa wa karafuu. Na hapo ndo penyewe, nchi ikianza kuendelea inahamisha kazi toka jua, upepo na misuli kwenda kwenye vitu vinavyoandikwa. Dau la tanga halichomi kitu, boti ya mashine inachoma. Zote zinaleta samaki. Kwahiyo sehemu ya kupanda kwa namba ni kalamu imeanza kuandika kilichokuwa hakiandikwi.

Sasa jiko, mana nchi yetu hii sehemu kubwa kabisa ya nishati ni kuni na mkaa, umeme ni kipande kidogo.

Tufanye hesabu. Kilo moja ya mkaa ina kama megajuli 30. Seredani (jiko la mkaa) ya kawaida inaingiza sufuriani kama robo au chini ya robo, tuseme 6 na nusu. Lakini huo mkaa umetoka wapi? Tanuri la udongo linataka kilo 6 mpaka 8 za kuni kavu kupata kilo moja ya mkaa. Weka 7, kila kilo megajuli 16, hizo ni 112. Yaani toka mti mpaka sufuria umebakiza 6 na nusu kati ya 112. Mafiga matatu tunayoyadharau yanaingiza asilimia 10 mpaka 15 ya kuni, kwahiyo ukihesabu toka mtini mafiga yanaushinda mkaa!

Hili watu hawalisemi. Familia inahama toka shamba inakuja mjini, inaacha kuni inashika mkaa kwa sababu nyumba za kupanga haziruhusu moshi, na kwa kitendo hicho nishati yake toka mtini inapanda mara 2 hata kabla haijanunua taa ya pili. Kwahiyo mji ukikua namba inapanda.

Khalafu inakuja gesi. Kilo ya gesi ina megajuli 46, jiko linaingiza zaidi ya nusu, kama 25. Kupata hizo 25 kwa mkaa unataka karibu kilo 4, ambazo ni kuni kilo 27, ambazo ni megajuli 430. 46 kwa 430. Sufuria ile ile ya wali kwa moja ya tisa ya nishati. Serikali ya Muungano ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, asilimia 80 ya watu wawe huko, na ukitimia huo pekee utaushusha mstari wa nchi kuliko kiwanda chochote.

Bi Seredani

Hesabu zako nimezisoma mara 2 na nakubali zote ila hiyo ya mwisho, mana unahesabu kama mtu akinunua mtungi anaitupa seredani. Hakuna. Mimi mtungi ninao toka mwanangu wa kwanza hajaanza skuli na seredani ninayo. Gesi ni ya chai asubuhi, kukaanga mayai, kupasha kiporo. Maharage, makongoro, mihogo ya nazi, pweza, hivyo ni mkaa, mana vinakaa saa 2 saa 3 motoni na mtu unauona mtungi unaisha kwa macho. Na mtungi ukiisha katikati ya mwezi hununui nusu, hununui robo, lazima utoe pesa yote kwa mpigo, mkaa naenda dukani nanunua wa kikopo wa leo tu. Mwenye kibarua cha siku analipwa kwa siku, basi na moto wake anaununua kwa siku.

Na siku za mfungo wa Ramadhani ndo kabisa, pale alasiri kila uwani kuna seredani 2 na jiko la gesi juu, vyote vinawaka pamoja.

Khalafu mbona hamkutaja makumbi na vifuu? Mashamba watu wanapikia makumbi ya nazi, makuti, vifuu. Hakuna anayevipima wala kuvinunua.

Daftari la Tanuri

Bi Seredani umenirekebisha na naikubali. Basi ile moja ya tisa isomwe hivi: ni kwa kile chungu kilichohama kweli, na vyungu vinavyohama kwanza ni vile vya dakika 10. Vyungu vya saa 3 ndo vyenye nishati nyingi na ndo vinavyobaki kwenye mkaa. Kwahiyo idadi ya nyumba zenye mtungi inaweza kupanda sana na mkaa ukapungua kidogo tu. Huu ndo ugonjwa wa kuhesabu mitungi badala ya kuhesabu vyungu.

Pwani Mchangani

Mm nafanya kazi upande wa ufundi kwenye hoteli huku kaskazini, silitaji jina. Nawaelezea tu nishati inavyokwenda. Viyoyozi ndo vinakula kwanza, wageni wanaviacha vinawaka mlango wa baraza uko wazi. Kuna maji, sehemu nyingi huku visima vina chumvi kwahiyo maji ya bahari yanasukumwa kwenye mitambo ya kuchuja chumvi na hiyo pampu ina nguvu kweli. Kuna kufua mashuka na mataulo kila siku, maji ya moto, vyumba baridi vya samaki na nyama. Umeme ukikatika jenereta ndani ya sekunde chache.

Ila ukigawa kwa pesa zinazoingia, hoteli inaonekana nyepesi, mana usiku mmoja wa mgeni ni pesa nyingi. Sasa swali langu kwa mwenye uzi: pesa nyingine haikai hapa, inalipwa mwenye hoteli aliko. Kwenye hesabu inakuwaje?

Daftari la Tanuri

Swali zito. Pato la ndani linahesabu kilichozalishwa hapa, hata kama faida inaruka kesho yake kwenda nje. Kwahiyo chini ya mgawanyo inaingia yote, namba inashuka, tunapongezwa. Na juu ya mgawanyo kuna kitu hakiingii kabisa: mafuta ya ndege. Ndege za kimataifa mafuta yake yanaandikwa pembeni, hayahesabiwi kwenye nishati ya nchi. Mgeni ametoka Warsaw mpaka kiwanja chetu cha ndege Kisauni, safari imechoma mafuta kuliko kiyoyozi chake cha wiki nzima, na sie kwenye kitabu chetu tuna kiyoyozi tu. 2024 walikuja zaidi ya laki 7.

Na 2020 corona ilipofunga dunia, wageni wakaanguka chini ya nusu ya mwaka uliotangulia. Friji za hoteli zilizimwa zote? Walinzi, taa, pampu, vilibaki. Tanuri la mikate mia 2 lile lile.

Kiziwa Maboga

Ila mnisamehe ndugu zangu, mimi naona mjadala mzima umekaa vibaya. Sie tatizo letu ni kutumia kidogo mno. Mtu wa kijijini kwangu ana taa 3 na simu, ndo umeme wake. Huyo unamuambia nini kuhusu kushusha nishati kwa shilingi? Ulaya walichoma makaa ya mawe miaka 200 wakatajirika ndo wakaanza kupima. Sie tuchome kwanza.

Daftari la Tanuri

Kiziwa Maboga, nakubaliana na wewe zaidi ya unavyodhani. Kipimo hiki hakisemi kitu juu ya nani ana taa. Nchi inaweza kuwa na namba nzuri na nusu ya watu wako gizani. Ndo mana mimi nalalamika kinaposomwa peke yake.

Ila hapo pa tuchome kwanza nitasimama. Uingereza kipimo hiki kilifika kileleni kwenye miaka ya 1880 hivi, mwanzo wa kushuka. Ujerumani ikafika baadae na kilele chake kikawa chini ya cha Uingereza, Japan baadae zaidi na chini zaidi. Kila aliyekuja nyuma alikuta mashine bora zimeshatengenezwa, hakuwa na haja ya kununua boila ya zamani. Na China baina ya 1980 na 2000 uchumi wao ulikua zaidi ya mara 4 na nishati ikakua kama mara 2 tu, wakati bado maskini. Khalafu kuanzia 2002 wakaingia kwenye chuma na saruji kwa nguvu, namba ikageuka ikaanza kupanda, mpaka serikali ikaweka sharti kwenye mpango wa 2006 hadi 2010 ishuke asilimia 20, wakafika 19.1. Kwahiyo inawezekana kukua na kushuka pamoja, na inawezekana kupanda tena, hakuna njia iliyochorwa.

Na sie tuna ushahidi wetu wa kuchoma bila kuzalisha. Nani amesahau Mei mpaka Juni 2008, kama mwezi mzima gizani? Na Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi 3? Waya mkongwe wa 1980 ulikuwa umelemewa. Kila duka la Darajani na jenereta yake mlangoni. Lita ya petroli ina megajuli 33 hivi na vile vijenereta vidogo vinakupa yuniti moja na nusu, labda 2, chini ya robo. Pampu za maji zilisimama, watu wakabeba madumu, samaki wakaoza, mafriji yakafunguliwa. Baba aliendelea kuoka kwa sababu tanuri la kuni halijali waya, ila unga ulikandwa kwa mkono usiku kucha na wanaume 4 badala ya mashine. Tulichoma mafuta mengi kwenye jenereta na kazi nyingi zikasimama. Ule ndo wakati kipimo hiki kingepanda kwa Zanzibar kingekuwa kinasema kweli tupu. Waya wa pili wa megawati 100 ulipokuja 2013 hali ikageuka.

Kwahiyo mtu wako wa taa 3 anahitaji umeme zaidi, na anahitaji usiokatika, mana umeme unaokatika ndo unaochoma mara 2.

Tanga Raha

Nipo Bara ila naufuatilia. Ongeza saruji. Hayo majengo yote ya Fumba na hoteli za mashariki, saruji nyingi imetoka Wazo Hill na Tanga. Tanuri la klinka (mawe yanayosagwa kuwa saruji) linafika nyuzi 1,450 na huo moto unaandikwa Bara. Nyinyi mnaandika kodi ya nyumba na usiku wa hoteli. Kwahiyo Zanzibar ikionekana nyepesi, sehemu ya uzito wake iko kwetu. Siku mkitoa namba yenu peke yenu mkumbuke.

Na namba ya Tanzania nayo, Disemba 2014 mwaka wa msingi wa kupimia pato ulibadilishwa kuwa 2007, pato likaongezeka karibu thuluthi kwa karatasi. Nishati kwa shilingi ikashuka hapo hapo. Anayechora mstari bila kurudi nyuma kurekebisha miaka ya zamani atadhani kuna muujiza.

Daftari la Tanuri

Tanga Raha ahsante, hili la 2014 nilikuwa nalihifadhi umeniwahi. Na linakwenda sambamba na dola ipi, ukigawa kwa dola ya sokoni Tanzania inaonekana inachoma sana kwa kila dola, ukigawa kwa dola iliyorekebishwa kwa bei za hapa, mana boflo ya hapa si bei ya boflo ya London, namba inashuka sana. Ukiona mtu anatulinganisha na Ulaya muulize kwanza dola gani.

Pendekezo langu ni dogo. Zanzibar ina mtakwimu wake na pato lake linalohesabiwa kivyake. Nataka tuwe na daftari letu, mistari 3 mbali mbali: jiko la nyumbani, utalii, na kazi nyingine zote. Na jiko lipimwe kwa vyungu na masaa kama alivyosema Bi Seredani. Mistari hiyo ikichanganywa tu, jiko linaimeza mingine yote, hoteli inaweza kufuja ikajificha ndani ya mtungi wa mama.

Mimi naanza na tanuri letu, daftari ninazo za miaka 14, nitazipiga picha niziweke hapa wiki hii. Mwenye yuniti za Tukuza (umeme wa kulipia kabla) alizoandika, au polo (gunia) la mkaa linamaliza siku ngapi, alete.

Mwana Wesha

Nitauliza kwa wenye majamvi, karafuu mbichi pishi ngapi zinakwenda jamvi moja na siku ngapi za jua. Tukijua maji yaliyotoka tutajua jua limefanya kazi ya kuni kiasi gani.

Bi Seredani

Polo langu siku 24, watu 7, na mtungi wa kilo 15 unanifikisha miezi 2 kasoro. Mwezi wa Ramadhani nitaandika upya mana hautolingana.

Mkaanga Kama

Nilikuwa nasoma kimya. Nipo diko (bandari ya wavuvi) la Kama, sie tunachemsha dagaa kwa maji ya chumvi kwenye masufuria makubwa kisha tunaanika kwenye chanja, wanunuzi wanapeleka mpaka Kongo. Kuni tunanunua kwa gari. Jiko la mafiga likikaa kwenye upepo wa kusi linakula kuni karibu mara 2 na dagaa ni wale wale, wenzetu waliojenga ukuta wa matofali kuzunguka moto wanatuzidi faida waziwazi. Nitahesabu mizigo ya kuni kwa ndoo za dagaa, wenye ukuta na wasio na ukuta, mwezi wa giza ukianza naanza.